Kimya cha Shangazi Mbeyu

Kuanzia Likoni hadi Vanga hakuna mwanamke anayejua kusimulia habari za mapenzi kunishinda mimi. Hata mume wangu wa pili alikiri hivyo, siku ile aliponiuliza nilikuwa wapi tangu asubuhi. Basi na tuseme najua kidogo. Hicho kidogo kitatosha kwa habari ya Ummi, ambaye mwenyewe alikuwa msimulizi, na siku hiyo ya Alhamisi alikuwa amenaswa kuliko kuku aliyefungwa miguu.

Tena miguu yake ilikuwa imefungwa kweli. Alikuwa amekalishwa juu ya mkeka katika chumba cha ndani, nyumbani kwa shangazi yake hapo Msambweni, mikono na miguu imezungushiwa vitambaa juu ya hina mbichi. Dirisha lilikuwa limefungwa ili jua lisimwone. Moshi wa udi ulikuwa umejaa chumbani hata mjusi wa darini alikuwa amehama. Na pua ilikuwa inamwasha, naye hana hata kidole kimoja cha kuikunia.

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, angeozwa Chande, mwenye duka la misumari na mabati pale Kona ya Musa. Ummi hakuwahi kumsikia Chande akimwambia neno lolote ila "nipishe." Mtu aliyempenda alikuwa Swabir.

"Kadzo," alinong'ona, "nikune pua."

Kadzo, fundi wa kupaka hina, shoga yake tangu wakiwa darasa la pili, alimsogelea na kidole chake chenye madoa meusi ya piko. "Hapa?"

"Juu kidogo. Ahh! Mungu akupe mume asiye na shangazi."

"Mume sitaki, nataka mwisho wa hadithi," alisema Kadzo. "Wasikilizaji watanirarua. Ile sumu uliyompa yule mama mbaya, Bi Mwanamizi, waliikataa, wakasema mama kama yule hanywi chai asiyoichemsha mwenyewe. Ukaniambia nimpige radi, nikampiga. Linet wa saluni kule Ukunda akatuma sauti, ngoja nikuigizie: 'Aki Kadzo, hapo umetucheza. Huyo mathe hawezi dedi na radi, hiyo ni kutoroka stori!' Ikabidi nimfufue. Nikasema ilikuwa ndoto."

Ummi alifumba macho. Kwa miezi mingi hadithi ile ilikuwa pumzi yake. Yeye alikuwa akiitunga, Kadzo akiisema kwenye simu kwa sauti yake tamu na kuituma katika kundi la akina mama, na mji mzima ukaamini kuwa mtunzi ni Kadzo. Na Bi Mwanamizi, yule mama mbaya wa hadithi, alikuwa na sufuria zote kubwa za pilau za mji wake. Ukigombana naye, siku ya msiba wako wageni watakula biskuti. Bi Mwanamizi akitaka jambo, husema, "Mwenye neno aseme," kisha hukaa akakutazama. Wewe ukimeza mate, yeye husema, "Basi mmeridhia."

Ummi hakuwa ameenda mbali kumtafuta. Alimchukua shangazi yake, Mbeyu, akambadilisha jina na kumwongezea mwanya.

"Tatizo ni kwamba nimemnenepesha mno," alisema Ummi. "Kila nikimtafutia wa kumshinda, namwona hana nguvu. Kaimu chifu, polisi, mganga, wote Bi Mwanamizi anawapikia wakashiba wakaondoka."

"Na nje ya hadithi je?"

Nje ya hadithi mambo yalikuwa yale yale. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, watu wa Swabir walikuja kutoka Vanga na posa yao, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, na baba yake Ummi, mzee Mbwana, alikuwa ameshaanza kutabasamu. Shangazi Mbeyu akasema, "Vanga! Mvua ikinyesha barabara haipitiki. Nikimwita mtoto wangu atafika lini? Mimi sikubali. Mwenye neno aseme." Mbwana, ambaye ni mdogo wake na ni mpole hata paka humwamrisha, alitazama kofia yake. Posa ikaondoka na kanzu zake. Chande alichaguliwa kwa sababu nyumba yake huonekana kutoka jikoni kwa Shangazi.

Na ubaya wa Shangazi Mbeyu haukuwa chuki. Laiti ungekuwa chuki! Mama yake Ummi alifariki Ummi akiwa hajaota meno ya mbele, na Shangazi ndiye aliyembeba, akamlisha, akampigania hata shuleni. Mtu anayekuchukia unaweza kumkimbia. Huyu alikuwa amekukumbatia, na mikono yake haikujua kufunguka.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa, maana ulikuwa mlango wake. Shangazi Mbeyu aliingia na sinia la chai, tasbihi ikining'inia kwenye kiwiko.

"Shikamoo, Shangazi," walisema wote wawili.

"Marahaba. Ummi, usiguse ukuta. Kadzo mwanangu, hujala tangu asubuhi. Chukua hamri. Chukua jingine."

Ummi alimtazama shangazi yake kwa mshangao. Mama huyu hakuwahi kumwambia mtu "chukua jingine" hata siku ya Idi.

"Nasikia watu njiani wananung'unikia vile vihadithi vyako," aliendelea Shangazi, akimimina chai pole pole. "Mimi sisikilizi upuuzi huo, mimi nina uradi wangu na tasbihi yangu. Lakini wanasema kuna mama mmoja umempiga radi?"

"Ilikuwa ndoto, Shangazi."

"Hata kama ndoto! Mama mwenye heshima zake atoke nje katikati ya ngurumo, amebeba sinia la shaba kichwani? Ana wazimu? Yule si mtu wa hivyo." Akasita. "Wanavyosema watu."

"Naam, Shangazi."

"Tena msimwonee. Amelea watoto asiowazaa. Mwisho wenyewe ni lini?"

"Bado... bado sijaupata."

"Haya. Ukiupata, si kwamba mimi nauliza." Alimgeukia Ummi. "Alasiri baba yako atakuja na wazee wawili kukuuliza kama umeridhia. Bi harusi mwenye adabu hajibu. Ananyamaza, na kimya chake ndio ndiyo yake. Nami nitakaa hapa mlangoni. Mwenye neno aseme."

Alingoja. Ummi alihisi maneno yakimpanda kifuani kama maji ya moto, yakafika kooni, yakakutana na jicho lile, yakarudi.

"Shangazi," alisema mwishowe, "simu yangu..."

"Simu yako iko kabatini. Hata sijui inafunguliwaje." Akatoka, na nyuma yake ufunguo ukazunguka.

Kadzo alikuwa bado ameshika mahamri mawili. "Wewe! Mbona umenitolea macho?"

"Sinia la shaba," alisema Ummi. "Kadzo, lile sinia, watu njiani wangelijua?"

"Nani alikumbuke sinia? Nililitaja mara moja tu, mwanzo wa..." Kadzo aligeuka kuutazama mlango aliotokea Shangazi. Hamri moja lilimponyoka.

Kabla hawajasema zaidi, nje ya dirisha nyundo ilianza kupiga. Ko. Ko. Ko. Kisha mtu akakohoa kikohozi ambacho Ummi angekitambua hata akiwa kaburini.

Maana mambo ya dunia hayana haya: turubai la harusi ya Ummi na Chande lilikuwa limekodishwa kule Ukunda, na fundi aliyetumwa kulifunga alikuwa Swabir. Kadzo alikivuta kibawa cha dirisha kidogo tu, upana wa kidole, kisha akaenda kukaa mlangoni kusikiliza hatua, akitafuna hamri lililobaki.

Ummi alijiburura kwa makalio hadi dirishani, mikono juu kama aliyekamatwa na askari. Kupitia ule ufa aliona nusu ya shavu la Swabir, jasho lililoteremka hadi ndevuni, na jicho moja. Jicho lile moja lilimtazama, na Ummi akasahau kwamba ana pua.

"Umekonda," alisema Swabir.

"Unaona jicho tu. Jicho linakonda?"

"Lako limekonda." Nyundo ikapiga, ko, ko, kwa sababu mtu alikuwa akipita. "Nimepewa kazi ya kukufungia kivuli uolewe na mwingine. Kila kigingi nikipiga najiuliza ni mguu wa nani."

"Kaza vizuri, basi. Kisije kikawaangukia wageni."

"Ummi, usinichekeshe, nitalia." Sauti yake ilishuka. "Nionyeshe mkono."

Aliinua lile furushi la vitambaa hadi kwenye ufa. Swabir hakuweza kuligusa. Alipuliza tu, na ile pumzi ikapita katikati ya vitambaa na hina mbichi ikamfika Ummi kwenye kiganja, baridi, halafu moto.

"Twende," alisema Swabir. "Nyuma ya jiko pana uwazi. Pikipiki ya Duncan, mwenzangu wa turubai, iko barabarani."

"Na baba yangu? Nikitoroka, baba hatakaribishwa hata katika msiba wake mwenyewe. Na Shangazi atasema, mwaona, nilijua mtoto hana akili, na mji mzima utanyamaza. Sitaki kutoka kwa uwazi wa jikoni, Swabir. Nataka kutoka mlangoni."

"Mlangoni amekaa yeye."

"Ndiyo hilo. Hata katika hadithi nimeshindwa. Hakuna mwenye nguvu za kumwangusha."

Swabir alizungusha kamba kwenye kigingi. "Unalikumbuka lile turubai letu la Gazi?" aliuliza. "Siku ile tuliyokutana, kamba yangu ilipokuvua leso?"

"Ulifanya makusudi."

"Nilifanya makusudi. Lakini lile turubai, upepo ulilipiga kutwa nzima halikutikisika. Likaja kuchanika jioni, upepo ushatulia. Unajua lilichanika wapi? Pale kwenye pete, tulipokaza kamba kupita kiasi tukasimama kujisifu. Sasa wewe unamtafutia Bi Mwanamizi upepo. Mtazame pale anapojisifu."

"Anajisifu kwamba hakuna anayemjibu."

"Tangu lini?"

"Tangu sijazaliwa."

"Basi mtu ambaye hajajibiwa miaka yote hiyo," alisema Swabir, "ana haja gani ya kusikiliza?"

Huko nje bata walikuwa wakigombana. Alimfikiria shangazi yake akisema "mwenye neno aseme," na jinsi macho yake yanavyokukazia. Na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama masikio nayo huwa yamekukazia. Kisha akakumbuka lile sinia la shaba. Akaanza kucheka, cheko dogo la woga.

"Kadzo," aliita kwa mnong'ono. "Njoo. Mwisho nimeupata. Nikuambie sasa hivi, kisha ubishe ufunguliwe ukaurekodi jikoni. Lakini usiutume mpaka uwaone wazee wanavua viatu kuingia ndani. Kabla ya hapo, mtu yeyote akikuuliza, mwambie ni mwisho mtamu usio na mfano, na kwamba Linet ameomba aupate wa kwanza."

"Na kama mtu huyo hatasikiliza?"

"Kwamba Linet wa saluni aujue kabla yake? Atasikiliza hata akiwa kwenye jeneza."

Nyundo ilipiga mara moja. "Ummi," alisema Swabir kupitia ule ufa, "kilichobaki hapo ni chako peke yako. Itabidi useme."

"Nitasema."

"Hujawahi."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma kuliko mengine yote. Kibawa cha dirisha kikafungwa, chumba kikawa giza tena, na Ummi akabaki na udi wake.

Alasiri wazee walikuja. Ummi alikuwa ameshaoshwa hina, maua mekundu yamepanda hadi viwiko, leso mpya imefunika kichwa. Aliwasikia wakivua viatu ukumbini. Mzee Mbwana aliingia kwanza, kofia mkononi. Nyuma yake mzee Rai, jirani mwenye kupenda sherehe, na mzee Salimu, ambaye huamka tu panapotajwa chakula. Shangazi Mbeyu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake ndani ya mlango, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi, tasbihi vidoleni. Ulimtazama ukaona ucha Mungu mtupu.

Kitu kikatetemeka kifuani pa Shangazi, chini ya nguo. Mkono wake ukaingia, ukatoka. Akauvuta mtandio vizuri juu ya sikio, na Ummi, aliyekuwa akimtazama chini ya leso, aliona uzi mweupe mwembamba ukipotea shingoni.

Sasa hakuna la kusingizia.

"Ummi binti Mbwana," alisema baba yake, akitazama mkeka, "hawa ni mashahidi. Chande amekuposa. Je, umeridhia?"

Ummi alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Miaka yote ile ya kumeza mate ilikuwa imejipanga kooni kama watu kwenye foleni ya kliniki. Alimwona Shangazi, aliyemfundisha kutembea. Alimwona baba yake na kofia yake. Mzee Rai alikuwa ameanza kutabasamu. "Mashallah," alisema mzee Rai, "mtoto ana haya. Kimya chake..."

Nje, nyundo ikapiga. Ko.

"Sijanyamaza, baba," alisema Ummi. "Nilikuwa navuta pumzi."

Mzee Salimu aliamka.

"Chande sina ubaya naye. Lakini sikuridhia, na sitaridhia. Ninayemtaka ni Swabir wa Vanga, yule aliyeleta posa Mfungo Sita. Nikiozwa mwingine mtakuwa mmeniozesha kwa nguvu, nanyi mashahidi mtaulizwa mbele ya Mungu." Sauti yake ilitetemeka mwanzo mpaka mwisho, lakini ilifika.

Mzee Mbwana aligeuka taratibu kumtazama dada yake, mabega yake yamepanda masikioni kama anayesubiri kofi. Kofi halikuja. Shangazi Mbeyu alikuwa ameinamisha kichwa. Tasbihi imesimama. Aliuma ncha ya mtandio, na chozi moja nene lilimtoka likateremka shavuni.

"Dada," alisema Mbwana. "Umesikia?"

Kimya.

"Analia," alinong'ona mzee Rai. "Subhanallah. Si ndiye aliyemlea?"

Mbwana alimtazama dada yake. Akamtazama binti yake, zile rangi mpya mikononi, ile midomo iliyokuwa bado inatetemeka. Kitu fulani kikamwingia mzee yule mpole, sijui ni ushujaa au ni uchovu, mara nyingine hufanana. Akavaa kofia yake.

"Dada," alisema, "mwenye neno aseme."

Kisha akangoja, kama yeye alivyongojewa maisha yake yote. Shangazi alivuta kamasi. Hakusema kitu.

"Basi," alisema Mbwana, na neno lile likamkaa mdomoni kama meno ya bandia ya siku ya kwanza. "Ameridhia."

"Ameridhia," alisema mzee Rai.

"Ameridhia," alisema mzee Salimu. "Na chakula?"

Pengine ni neno chakula lililomfikia. Shangazi Mbeyu aliinua uso, akakuta wanaume watatu wanamtazama. Alipangusa chozi haraka. Mama huyu alikuwa tayari kukutwa na lolote duniani isipokuwa kutojua kinachoendelea nyumbani kwake.

"Umeridhia, dada?" aliuliza Mbwana kwa upole. "Sema wasikie."

"Ebo! Nimeridhia, si mmeniona? Nimesikia neno kwa neno. Aliyoyasema mtoto ndiyo niliyoyataka mimi tangu mwanzo. Mashahidi mpo."

"Tupo," walisema mashahidi.

"Alhamdulillahi." Mbwana alivuka chumba, akafungua dirisha lote, mwanga ukaingia kwa kishindo. "Swabir, mwanangu! Weka nyundo chini. Ingia umsalimie shangazi yako."

"Yule wa turubai?" alisema Shangazi. "Aingie ndani kutafuta nini?"

"Si ndiye mkwe, dada? Yule uliyemsikia akitajwa neno kwa neno."

Ummi aliuona uso wa shangazi yake ukifanya hesabu. Akisema hakusikia, atakuwa amewadanganya mashahidi hapo hapo walipokaa. Akisema alisikia, basi ameshamwoza mtoto wake kule Vanga, kwenye barabara isiyopitika. Macho yale makubwa yalizunguka chumba kizima kutafuta mlango, na kwa mara ya kwanza Ummi alimwonea huruma, maana chumba kile alikijua.

"Mimi..." alisema Shangazi Mbeyu, "mimi nilikuwa katika uradi wangu, Mbwana. Mtu akiwa katika uradi, akili yake huwa mbali—"

Alisimama kwa ghafla. Tasbihi ilikuwa imejisokota na ule uzi mweupe. Uzi ukavutika, mtandio ukateleza, kitu kidogo kikachomoka sikioni kikaning'inia, na simu ya Ummi, ile iliyokuwa kabatini, ikamtoka kifuani, ikachomoka kwenye uzi, ikaanguka mkekani mbele ya wazee. Sauti tamu ikajaa chumba kizima:

"...na Bi Mwanamizi akakaa pale pale mlangoni, analia kwa uchungu, wala asijue kwamba mambo yameshamalizika nyuma ya kisogo chake, kwa kuwa alikuwa akisikiliza habari zake mwenyewe..."

Swabir alikuwa amefika kizingitini, viatu mkononi. Mzee Rai aliinama, akasogeza sikio karibu na simu, akasikiliza kwa makini, kisha akainua kichwa.

"Mbeyu," aliuliza, "uradi huu ni wa sheikh gani, mbona una sauti ya Kadzo?"